Fundi Anajibu: Mtungi Umejaa, Maji Hayatoshi

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimepangana. Karibu kila mwandishi ana betri ya pili garini, ile ya akiba, na kila mmoja anataka kujua imebakiwa na nguvu kiasi gani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ameshaingia hasara, na kwa sababu kosa lililomponza niliwahi kulifanya mimi mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Fundi. Gari langu lina betri mbili. Ya mbele ni ya stata. Ya nyuma ni ya akiba, ya risasi, imeandikwa 100 Ah, ina miaka minne. Nikilala safarini inaendesha friji, feni na taa ndogo. Zamani ilinifikisha asubuhi, lakini siku hizi friji inazima saa tisa usiku. Nilimwita fundi, akaweka mita, ikasoma 12.7. Akasema betri nzima, friji ndiyo mbovu. Nimenunua friji mpya, nayo inazima saa tisa ile ile. Sasa nina friji mbili na usingizi wa kukatikakatika. Tatizo ni nini? (Msafiri wa Usiku)

JIBU: Marahaba, na pole. Friji ya kwanza usiitupe.

Fundi wako hakudanganya. Mita ilisema kweli, ila ilijibu swali ambalo wewe hukuuliza. Volti za betri iliyopumzika hueleza imejaa kiasi gani, hazielezi betri yenyewe ni kubwa kiasi gani. Chukua mtungi wa lita ishirini, uache mchanga utuame ndani yake miaka minne mpaka ufike nusu, kisha ujaze maji. Ukichungulia utaona maji yako mdomoni na utaapa mtungi umejaa. Ni kweli umejaa. Anza kuchota ndipo utakapojua.

Betri ya risasi huzeeka hivyo hivyo. Ikikaa muda mrefu bila kujazwa sawasawa, salfeti, yaani chumvi ya risasi inayojitokeza betri inapotumika, hugeuka ngumu na kuganda juu ya bamba za risasi zilizo ndani. Unga wa bamba hudondoka chini kidogo kidogo. Wavu wa risasi unaoshikilia huo unga huliwa, na joto la karibu na injini huharakisha yote hayo. Lakini sehemu iliyobaki hai hupokea chaji vizuri tu, na ikijaa husoma 12.7 kama betri iliyotoka dukani leo. Ndiyo sababu betri iliyopoteza nusu ya uwezo wake hufaulu mtihani wa mita kila asubuhi na kukuangusha kila usiku.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, dereva wa gari la kuvuta magari mabovu aliniletea betri yake ya akiba, iliyokuwa ikiwasha taa za kumulika nyuma. Nikapima, 12.6, nikamrudishia kwa maringo. Usiku ule ule taa zikamzimikia akiwa amelala chini ya lori. Hakunitukana, na ningeona afadhali angenitukana. Asubuhi alikuja, akaiweka betri juu ya meza yangu ikiwa imechajiwa upya, akaunganisha balbu moja ya taa kubwa ya gari, akavuta kiti, akakaa. Tukaitazama ile balbu. Haikumaliza masaa matatu. “Sasa hiyo ndiyo uiandike,” akaniambia, akaondoka.

Tangu siku ile ninacho kipande cha ubao chenye balbu ya wati 55, soketi yake, waya mbili nene na fyuzi ya ampea 10. Vijana wa karakana wanakiita Bibi. Ni kifaa kisicho na akili hata kidogo, lakini kina bahati yake: balbu ya wati 55 kwenye volti 12 hula takriban ampea 4.5. Na ile namba 100 Ah kwenye lebo yako (Ah ni ampea-saa, yaani ampea mara masaa), kwa betri za aina hii, kwa kawaida ina maana kwamba betri mpya, yenye joto la nyuzi 25, hutoa ampea 5 kwa masaa 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Kwa hiyo Bibi na kiwanda wanauliza swali linalokaribia kuwa moja.

Fanya hivi. Ijaze betri kwa chaja, usitegemee altaneta, ile inayochaji injini ikiwa inazunguka. Altaneta hujaza haraka sehemu kubwa ya mwanzo, lakini asilimia 20 za mwisho huingia kwa kusitasita, masaa mengi, na safari fupi haziwezi kuzimaliza. Ikishajaa, fungua nyaya zote, iache ilale hadi kesho yake. Asubuhi andika volti. Washa balbu, andika saa. Baada ya hapo kila saa moja andika volti na ampea, kwa sababu kadiri volti zinavyoshuka balbu nayo hupunguza mlo, na utakachohitaji mwishoni ni wastani. Volti zikikaribia 11.5 usiondoke tena kwenda popote. Kuanzia hapo hazishuki, zinaporomoka, na mara nyingi wakati umekwenda kupokea simu. Zikigusa 10.5 balbu ikiwa bado inawaka, zima, andika saa, kisha irudishe kwenye chaja papo hapo. Betri ya risasi iliyoachwa tupu hata siku chache huanza kuumia.

Tuseme uliwasha saa 2 asubuhi ukazima saa 1 jioni. Ni masaa 11. Wastani wa ampea ukiwa 4.4, unazidisha unapata 48 Ah. Mtungi wako wa 100 umebaki 48. Nakisia utaangukia karibu na hapo, na nitakwambia kwa nini. Friji, feni na taa pamoja huenda vinakula wastani wa ampea 4 hadi 5. Ukianza saa 1 jioni, mpaka saa 9 usiku ni masaa 8, yaani kama 36 Ah. Betri ikiwa mpya, hiyo ni theluthi moja na ushei na haisikii kitu. Ikiwa ya 48, umeshakula robo tatu, volti zimelegea, na kila kompresa inapotaka kuanza huzivuta chini zaidi mpaka kinga ya friji inakata. Friji zote mbili zilikuwa zinafanya kazi yake.

Mambo machache kabla hujaanza, maana najua utaanza leo. Bibi huwa moto sana, asiguswe kioo wala asikae karibu na kitambaa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo mahali pawe na hewa, na cheche zikae mbali. Mtihani huu wenyewe huichosha betri. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Na usiifanyie hukumu betri ndogo kwa mzigo mkubwa. Mjerumani Peukert alionyesha mwaka 1897 kwamba ukichota haraka unapata kidogo: betri ya 45 Ah ikiwashiwa balbu hiyo hiyo inachotwa kwa kasi maradufu ya ile ya kiwandani, na itatoa pungufu ya lebo hata ikiwa mpya kabisa. Baridi nayo hupunguza. Kwenye nyuzi sifuri betri ya risasi hutoa kama asilimia 80 tu ya kile ingetoa kwenye nyuzi 25, na hiyo si ugonjwa.

Ibadilishwe lini? Wanaotunza vyumba vya betri za mitambo hufuata mwongozo wa IEEE 450, wa chama cha wahandisi wa umeme, unaosema uwezo ukishuka chini ya asilimia 80 ya ulioandikwa, weka mpya. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya betri zilizotulia sakafuni. Kwenye gari la mtu binafsi mimi huvumilia mpaka 60, ilimradi mwenyewe anaijua namba yake na anapanga usiku wake kwa namba hiyo. Ya kwako imeshapita hapo.

SWALI: Fundi, mimi nasimamia magari ya wagonjwa. Betri ya nyuma inalisha mashine ya kufyonza, taa za ndani na vifaa vingine. Tuna kipima betri cha kidijitali. Ukibana klampu zake, sekunde chache kinaandika afya asilimia 91. Wewe unasema tukae na balbu siku nzima. Je, kipima hiki hakitoshi? (Msimamizi)

JIBU: Bwana Msimamizi, kipima chako hakichoti maji. Kinagonga mtungi na kusikiliza mlio. Kinapitisha mkondo mdogo wa kwenda na kurudi, kinatazama betri inaupitisha kwa urahisi gani, kisha kinakisia. Kwa betri ya stata, ambayo kazi yake ni kutoa ampea mamia kwa sekunde chache, mlio huo unaeleza mengi. Kwa betri ya akiba, ambayo kazi yake ni kutoa kidogo kwa masaa mengi, unaeleza machache. Nimeona betri za bamba nene zikisomewa asilimia 90 na zaidi, na Bibi akazimaliza kwa nusu ya muda.

Lakini usikitupe. Thamani yake iko kwenye mfululizo. Siku betri inapofungwa mpya, ipime ikiwa imejaa, andika namba pamoja na joto la siku hiyo kwenye daftari la gari. Kila mwezi rudia, klampu zikiwa zimebana kwenye risasi yenyewe wala si kwenye bolti ya chuma, maana bolti pekee inaweza kukupotosha. Namba ikitulia, tulia nawe. Ikianza kuteremka, itoe betri hiyo, weka ya ziada, gari lirudi kazini, na ile uliyoitoa ikapimwe kwa kuchotwa. Usipime kwa kuimaliza betri iliyo kwenye gari linalosubiri simu.

Na mzigo wa kupimia ufanane na kazi. Kama vifaa vyako kwa pamoja vinakula ampea 9, tumia balbu mbili. Hapo huhitaji kujua Ah za kitabuni; unataka kujua vifaa hivi vitakaa dakika ngapi, basi. Kule juu nilisema navumilia mpaka 60. Kwenye gari lenye mgonjwa sivumilii chini ya 80.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nilichoka na betri za risasi, nikafunga ya lithiamu fosfeti ya 100 Ah pamoja na kihesabio chenye shanti. Volti ni 13.2 asubuhi, 13.2 mchana, 13.2 jioni. Kihesabio kilikuwa kinaonyesha asilimia 41 umeme ukakatika ghafla, giza tupu. Betri mpya ya miezi saba! Nimeuziwa takataka? (Mwenye Hasira)

JIBU: Nzuri, na hasira iweke kando kidogo, huenda betri haina kosa.

Lithiamu fosfeti hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa sana ya safari yake. Ikijaa iko juu kidogo, ikikaribia kuisha inaanguka mara moja, na katikati haina la kukwambia. Mtu aliyezoea kusoma betri ya risasi kwa volti huwa kama aliyehamia kijiji kisicho na kilima. Kwa hiyo umefanya vyema kununua kihesabio. Ila kihesabio ni karani wa mlangoni: anahesabu ampea zinazoingia na zinazotoka kupitia shanti, kile kipande cha chuma cha kupimia mkondo kinachofungwa kwenye waya wa hasi. Wanaopita dirishani hawaoni.

Anzia hapo. Fuata waya wa hasi kutoka kwenye betri. Kwenye kichwa cha hasi cha betri panatakiwa pawe na waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti. Vingine vyote, pamoja na inveta, redio na waya wa bodi ya gari, vikae upande wa pili wa shanti. Naweka dau dogo kwamba utakuta kimoja kimefungwa moja kwa moja kwenye betri, na mara nyingi huwa ni inveta, kwa sababu waya wake ni mnene na anayefunga hutafuta njia fupi.

Ukikuta nyaya ziko sawa, tazama mambo mawili. Kwanza, je, umemwambia kihesabio kwamba betri ni 100 Ah? Vingine hutoka kiwandani vimewekewa namba nyingine, na asilimia zake zote zinakokotolewa kutoka kwenye uongo huo. Pili, lini mara ya mwisho betri ilijaa kabisa mpaka kihesabio kikajirekebisha kuwa 100? Makosa madogo hulimbikizana. Kihesabio kinachokosea kwa ampea 0.1 tu hupoteza 2.4 Ah kwa siku; siku kumi bila kujaza, ni 24 Ah ambazo hazipo na bado zinaonekana kwenye kioo. Asilimia 41 yako inaanza kueleweka.

Baada ya kurekebisha, ijaze kabisa, kihesabio kisome 100, kisha uitumie kawaida mpaka kinga yake ya ndani ikate. Soma Ah ngapi zimetoka. Hiyo ndiyo namba yako, na lithiamu haiumizwi na zoezi hilo kama risasi, ilimradi usiiache tupu. Ikitoa 95 au zaidi, umeuziwa betri. Ikitoa 60 kwa miezi saba, hasira irudishe na lebo ya dhamana uishike mkononi. Na kama unaishi au unasafiri penye baridi kali, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

SWALI: Fundi, gari langu ni la mseto. Betri yake ndogo ya volti 12, ya asidi ya majimaji, 45 Ah, haijawahi kunisumbua. Juzi asubuhi dashibodi iliwaka taa zote kama sherehe, na gari likakataa kuamka. Wameichaji, limewaka. Mbona haikunipa dalili yoyote mapema? (Dereva Mpya)

JIBU: Dalili tuliyozoea wote ni stata kukokota: gari linaguna asubuhi, unajua betri inachoka. Gari lako halina stata ya namna hiyo. Kwenye magari ya mseto, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme, kama Toyota Prius, injini huzungushwa na betri kubwa; ile ndogo inaamsha kompyuta na kufunga rilei, yaani swichi za umeme, za kuunganisha hiyo kubwa, kazi ya sekunde chache. Inaweza kubaki na robo ya uwezo wake na bado ikaifanya, mpaka siku moja isiweze.

Kwa betri ndogo kama hii sikushauri kuimaliza. Chota kiasi unachokijua, uone maji yameshuka kiasi gani. Ijaze, itenganishe na gari, iache ilale. Tuseme asubuhi inasoma 12.7. Washa Bibi kwa masaa mawili na dakika 20. Umechota kama 10.5 Ah. Zima, iache ipumzike tena hadi kesho, usome. Kwa betri ya asidi ya majimaji, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukikuta 12.4, umechota robo, kwa hiyo mtungi mzima ni kama 42 Ah: betri nzima. Ukikuta 12.2, kiasi kile kile kimekula nusu, mtungi mzima ni 21, nunua nyingine. Ni kadirio. Mita ikikosea 0.05 tu, hiyo 42 inaweza kuwa 35 au 50, lakini haitakuwa 21. Kama yako ingekuwa ya AGM, ambayo asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo, volti zake hukaa juu kidogo, na ungehitaji jedwali la mtengenezaji.

Ukiwa na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi kulinganisha na maji, unaweza kuthibitisha usomaji kwa asidi yenyewe: karibu 1.265 ikiwa imejaa, karibu 1.19 ikiwa nusu. Seli moja, yaani chumba kimoja kati ya vyumba vya betri, ikiachana mbali na wenzake, usipoteze muda na balbu.

SWALI: Gari langu lina kitufe cha SOS cha kupiga simu ya dharura. Taa yake nyekundu imewaka. Fundi mmoja anasema ni betri ya akiba iliyo ndani ya kile kisanduku. Naipimaje? (Mama wa Watoto Watatu)

JIBU: Usiipime, mama. Ni betri ndogo mno, ya kazi moja: kukipa kisanduku umeme wa kupiga simu kama ajali imeiharibu betri kubwa. Katika Umoja wa Ulaya kifaa cha namna hii ni lazima kwa aina mpya za magari madogo tangu Machi 31, 2018, ndiyo maana utakikuta kwenye magari mengi yaliyotoka huko. Kisanduku chenyewe hujipima, na hiyo taa ndiyo jibu, ingawa taa hiyo hiyo huwaka pia kwa antena au spika iliyoharibika. Mwambie fundi asome kosa kwa mashine kabla hajafungua chochote. Kosa likitaja betri, aweke ya aina ile ile kabisa, na akimaliza akuonyeshe taa ikiwa imezimika kwa sababu kosa limeondoka, si kwa sababu amechomoa soketi.